Mchezo Usio na Mwisho

1. Swali la Mtoto

Nalipokuwa mtoto, bibi yangu alitusimulia hadithi kila usiku baada ya chakula. Twaliketi tukiuzunguka moto, naye husema, "Paukwa!" nasi hujibu kwa sauti moja, "Pakawa!" Usiku mmoja alitusimulia habari za kijana aliyetoka kwenda kumtafuta dada yake aliyechukuliwa na zimwi. Kijana yule akafika penye njia panda. Njia moja ilipanda mlimani, na ya pili ilishuka bondeni penye giza. Bibi akasema, "Basi, akaishika njia ya mlimani."

Hapo nalimkatiza, nikamwuliza, "Bibi, na kama angaliishika ile ya bondeni, angalikuta nini?"

Wenzangu wakacheka. Bibi akanitazama kidogo, kisha akanijibu, "Mjukuu wangu, hadithi ndivyo ilivyo. Nami naliipokea hivyo hivyo kwa mama yangu. Ya bondeni hakuna aijuaye."

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nalilala nikiiwaza ile njia ya bondeni.

Nadhani kila mmoja wenu amepata kuuliza swali la namna hii. Katika somo hili nataka kuwaeleza habari za watu waliolichukua swali hilo la mtoto, wakalitafutia jibu kwa mashine. Jibu lao ni mchezo wa kompyuta wa namna ya peke yake. Vijana wa mjini huiita michezo yote ya kompyuta kwa jina moja la gemu, lakini si yote ya namna moja, kama vile ngoma zisivyo za namna moja. Iko michezo ya mpira, iko ya mbio za magari, iko ya kupanga maneno. Tutakayoisoma leo ni michezo ya hekaya, ambayo mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine katika nchi ya kubuniwa, nchi yenye majoka na mizungu, kisha akaachwa aende atakako. Tutatazama jinsi ilivyoanza, jinsi inavyotendeka, na kwa nini watu wengi huipenda. Mwisho tutatazama jambo moja ambalo mchezo wenyewe hauwezi kumfanyia mchezaji.

2. Hadithi Iliyokubali Kuulizwa

Hapo kwanza mchezo huu haukuwa na mashine. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, lilitolewa sanduku lenye vitabu vidogo vitatu. Jina la mchezo huo ni Dungeons & Dragons, na waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu hawa wawili walikuwa wamezoea kucheza vita juu ya meza kwa sanamu ndogo za askari. Wakaona ya kuwa itapendeza zaidi kama kila mchezaji hataongoza jeshi zima, bali mtu mmoja tu, mwenye jina lake, nguvu zake na udhaifu wake.

Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao ndiye msimulizi, tena ndiye mwamuzi. Kila mmoja wa wengine huchagua atakuwa nani: askari, au mlozi, au mtu wa ibada. Msimulizi husema, "Mmefika penye mlango wa pango. Ndani mwatoka harufu ya moshi. Mwafanya nini?" Kisha hunyamaza.

Maneno hayo mawili, "Mwafanya nini?", ndiyo yaliyoleta jambo jipya. Bibi yangu hakutuuliza hivyo, wala kitabu hakimwulizi msomaji wake. Hapa wasikilizaji ndio wanaoamua. Mmoja ataka kuingia pangoni, mwingine ataka kwanza kuwasha moto mlangoni ili aliye ndani atoke. Mtu akitaka kutenda jambo ambalo laweza kushindikana, kama kuruka shimo pana, hutupa dadu, na hesabu ya dadu huonyesha kama amefaulu au ameanguka. Kwa hiyo hata msimulizi mwenyewe hajui mwisho wa hadithi anayoisimulia.

Majoka na mizungu ya michezo hii hayakutoka hewani. Watungaji walichota katika ngano za kale za Ulaya, na katika vitabu vya watu waliozipenda ngano hizo. Mmoja wao alikuwa J.R.R. Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, aliyetoa kitabu kiitwacho The Hobbit mwaka 1937. Tolkien alikuwa Mwingereza, lakini alizaliwa katika bara letu la Afrika, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Yeye alichora ramani za nchi zake za kubuniwa, akazitungia lugha na historia, hata msomaji akaona kana kwamba ni nchi za kweli. Watengenezaji wa michezo waliomfuata walijifunza kwake ya kuwa nchi ya kubuniwa humvuta mtu ikiwa ina mpango.

3. Kompyuta Yakalia Kiti cha Msimulizi

Mchezo wa mezani una taabu yake. Hapana budi kuwe na rafiki kadha wa kadha, wote wawe na nafasi siku moja, tena awepo msimulizi hodari. Vijana waliokuwa wakijua kompyuta wakajiuliza, "Je, mashine haiwezi kukalia kiti cha msimulizi?"

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutengeneza mchezo wa namna hiyo, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mchezo wao ulikuwa wa maneno matupu bila picha, lakini watu wengi waliweza kuingia pamoja na kusemezana humo. Huko Texas, Marekani, kijana Richard Garriott alitengeneza mchezo wake wa kwanza uliouzwa, na mwaka 1981 akatoa mwingine ulioitwa Ultima. Picha zake zilikuwa mistari na vialama tu, lakini mchezaji aliweza kutembea katika nchi, kuingia mijini, na kushuka mashimoni.

Labda mwauliza, mashine huwezaje kusimulia? Kompyuta haifahamu hadithi kama bibi alivyoifahamu. Haioni joka, wala haiogopi giza. Kazi yake ni kama ya karani wa ghala mwenye daftari kubwa mno. Katika daftari hilo kimeandikwa kila kitu cha nchi ile: kila mlango, kila mtu, kila sarafu mfukoni mwa kila mtu. Tena zimeandikwa kanuni. Kanuni moja husema, ikiwa mchezaji ana ufunguo, mlango ufunguke. Ikiwa hana, ubaki umefungwa. Nyingine husema, ikiwa mchezaji ameiba na mlinzi amemwona, mlinzi amkamate. Kanuni za namna hii zikiwa maelfu, zikakutana zenyewe kwa zenyewe, hutokea mambo ambayo hata aliyeziandika hakuyatazamia. Hapo ndipo mchezaji husema, "Nchi hii ina uhai."

Watengenezaji walijifunza tena ya kuwa ukubwa si kitu peke yake. Mwaka 1996, kampuni ya Marekani iitwayo Bethesda Softworks ilitoa mchezo wa Daggerfall. Nchi yake ilikuwa kubwa sana, yenye maelfu ya miji na vijiji, kwa maana sehemu kubwa ilipangwa na kompyuta yenyewe kwa hesabu. Lakini miji mingi ilifanana, na aliyeona kumi alikuwa kama aliyeona mia. Mwaka 2002 kampuni hiyo ikatoa mchezo wa Morrowind, ambao nchi yake ni kisiwa kidogo zaidi sana. Safari hii watu walipanga kwa mikono yao kila kilima, kila nyumba, na kila kitabu kilichomo rafuni. Wengi waliupenda. Mgeni hafurahii wingi wa vyumba vya nyumba, bali hufurahi akiona ya kuwa mtu alimtayarishia kitu katika kila chumba.

4. Nchi ya Theluji

Sasa na tutazame mchezo mmoja kwa karibu, ili mjue ulivyo. Jina lake ni Skyrim. Ulitolewa tarehe 11 Novemba 2011, nao ni wa tano katika mfululizo mmoja na hiyo miwili niliyoitaja. Mwaka 2023 Todd Howard, aliyeongoza kazi ya kuutengeneza, alisema ya kuwa nakala zilizouzwa zimepita milioni 60.

Skyrim ni nchi ya kubuniwa upande wa kaskazini, yenye milima mirefu, theluji, na misitu ya misonobari. Mchezaji hufumbua macho akajiona ni mfungwa, mikono imefungwa kamba, yumo katika gari la farasi linalompeleka mahali pa kukatwa kichwa. Huulizwa yeye ni nani, naye hujichagulia kabila, uso na jina. Kichwa chake kikiisha kuwekwa juu ya gogo, joka kubwa jeusi lashuka kutoka angani, na mji wote washikwa na fujo na moto. Katika ghasia ile mfungwa hukimbia, hupita chini ya ardhi, hata akatokea upande wa pili penye mwanga wa mchana.

Hapo ndipo mchezo huanza kweli. Mbele yake iko njia inayoshuka kwenda kijijini. Mwenzake humshauri aifuate, lakini hapana wa kumshurutisha. Akitaka, atakwenda kupeleka habari za joka kwa mtawala. Asipotaka, ataacha njia na kuingia msituni kuwinda kulungu. Aweza kujifunza kufua chuma, kuchanganya dawa za majani, kununua nyumba, kuoa au kuolewa, kusoma mamia ya vitabu vifupi vilivyomo katika nchi ile, au kuiba. Hadithi kubwa ya majoka humngoja. Hata akikaa mwaka mzima bila kuigusa, haimkaripii.

Ustadi nao hauji kwa bahati. Kuna ustadi wa namna 18, na kila mmoja hukua kwa kutumiwa. Atumiaye upinde kila siku huwa mpiga upinde hodari. Afuaye visu vingi huwa mhunzi. Anyemeleaye huwa mwepesi wa kunyemelea. Mtu hawi vile anavyosema atakuwa, bali vile anavyotenda kila siku. Nami naona ya kuwa kanuni hii si ya nchi ya theluji peke yake.

5. Kwa Nini Watu Huupenda

Wengi wasioijua michezo hii hudhani ya kuwa utamu wake ni kupigana na kuua. Kupigana kumo, tena mara nyingine kumezidi. Lakini iko michezo mingi ya kupigana isiyomshika mtu kwa muda mrefu hivi. Mwaka 2006 wataalamu watatu wa mambo ya nafsi, Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski, walichapa uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona ya kuwa mchezo wa kompyuta humvuta mtu kadiri unavyoshibisha haja tatu alizo nazo kila mwanadamu: haja ya kujiamulia, haja ya kuweza, na haja ya kuwa pamoja na wengine.

Haja ya kwanza ni kujiamulia. Fikirini jinsi siku ya mtoto wa shule ilivyo. Kengele humwamsha, kengele humwingiza darasani, kengele humtoa. Mtu mzima naye ana kengele zake, ijapokuwa hazisikiki. Katika mchezo wa hekaya kengele hizo hunyamaza. Mtu husimama penye njia panda, na neno lililobaki ni lake.

Haja ya pili ni kuweza. Katika maisha mtu hulima mwezi mzima, kisha mvua ikakosa. Huweza kusoma kwa bidii, asione mara moja ya kuwa amesogea mbele. Lakini katika mchezo kila juhudi huandikwa. Mlinzi aliyemshinda jana, leo anamshinda yeye. Hesabu ya ustadi wake ilikuwa 20, leo ni 21. Moyo wa mtu hufurahi kuona jasho lake halikupotea.

Haja ya tatu ni kuwa pamoja na wengine. Mchezo wa Skyrim huchezwa na mtu peke yake, lakini iko mingine ambayo maelfu ya watu hukutana ndani yake, kama World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004. Huko Norwei alikuwako kijana aliyezaliwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, hata akawa hawezi kutembea. Kwa miaka mingi alicheza mchezo huo chumbani mwake. Wazazi wake walihuzunika wakidhani ya kuwa hana rafiki hata mmoja. Alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 25, wakawaandikia watu waliosoma maandishi yake, wakiwapa habari za msiba. Barua zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Watu waliandika jinsi alivyowasikiliza, alivyowafariji, alivyowapatanisha. Wengine walisafiri kutoka ng'ambo kuja kumzika. Nchi ile ilikuwa ya kubuniwa, bali urafiki ulikuwa wa kweli.

Juu ya haja hizo tatu mimi naongeza ya nne, nayo ni hamu ya kuvumbua. Shigeru Miyamoto wa Japani alikulia Sonobe, karibu na mji wa Kyoto. Alipokuwa mtoto alizoea kutembea milimani bila ramani, na mara moja aliona pango, akaingia ndani na taa mkononi. Alipokuwa mtu mzima alikumbuka mwendo ule wa moyo gizani, na mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ikatoa mchezo aliouongoza, The Legend of Zelda, ulio ndugu wa michezo hii tunayoisoma. Basi hata mchezo huu wa mashine asili yake ni mtoto, taa, na shimo asilolijua.

6. Kipofu Muuza Mitishamba

Lakini mtu akipewa hiari yote, ataitumiaje? Richard Garriott, yule kijana wa Texas, alipata kulifikiri sana jambo hili. Aliona ya kuwa wachezaji wengi wa michezo yake ya kwanza waliwaibia wanakijiji na kuwaua, kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kupata mali na nguvu. Walijiita mashujaa, lakini walitenda kama majambazi. Basi mwaka 1985 akatoa mchezo wa nne, Ultima IV, ambao ulikuwa tofauti na yote iliyotangulia. Ndani yake hamna mfalme mwovu wa kuuawa mwishoni. Kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema, kwa kuzitimiza fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, mambo ya roho, na unyenyekevu.

Katika nchi hiyo wako wauzaji wa mitishamba, nao ni vipofu. Mchezaji akiisha kuchukua mitishamba, muuzaji humwambia bei yake, kisha mchezaji mwenyewe huhesabu sarafu na kuziweka. Kipofu haoni zimewekwa ngapi. Bei ikiwa sarafu nyingi, mchezaji aweza kuweka moja tu, na kipofu atashukuru vivyo hivyo. Hapana mlinzi atakayekuja. Hapana sauti itakayosema, "Umekosa." Mchezaji huondoka na mitishamba yake, akijiona ni mjanja.

Bali katika lile daftari la kompyuta jambo limeandikwa. Amepungukiwa na ukweli, na haki, na heshima. Baada ya siku nyingi, akitaka kukamilisha safari yake, hujiona amezuiliwa, naye hana budi kurudi na kutengeneza alivyoviharibu, polepole, kwa kutenda yaliyo sawa tena na tena. Kadhalika ampaye maskini sarafu huandikiwa huruma bila kuambiwa papo hapo.

Watu wengi waliocheza mchezo huo utotoni wamekuwa wazee sasa, na mpaka leo wanamkumbuka yule kipofu. Hawakumbuki majoka waliyoyaua. Wanakumbuka siku walipokuwa na hiari ya kudhulumu, na hakuna aliyewaona.

7. Usiku Wangu

Sasa nitawaeleza jambo langu mwenyewe, ijapokuwa halinipi sifa. Mwaka mmoja, wakati wa likizo ya vyuo, mpwa wangu alikuja kunitembelea akitoka mjini, akaleta kompyuta yake mpakato. Nalimkuta sebuleni akicheza Skyrim, nikaanza kumhubiria habari za kupoteza wakati. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, maneno yako ni kweli. Lakini jaribu kidogo tu, upate kuusema unaoujua."

Naliketi ili nipate kuujua adui. Mpwa wangu akanionyesha jinsi ya kutembea, kisha akaenda kulala. Juu ya meza palikuwa na madaftari 42 ya insha za darasa langu, nami nalisema moyoni, "Nitacheza nusu saa, kisha nitasahihisha."

Naliokoka na joka, nikatoka pangoni, nikashuka. Mahali fulani nalifika penye njia panda. Moja ilipanda mlimani, na ya pili ilishuka bondeni penye giza. Wanafunzi, siwezi kuwaeleza jinsi moyo ulivyonidunda. Nalikuwa nimeingoja njia ile zaidi ya miaka thelathini. Naliishika ya bondeni. Nalikuta daraja bovu, na ng'ambo ya daraja mnara, na mbele ya mnara njia panda nyingine. Nikaishika moja, nikakuta nyingine. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilikuwa tamu. Jogoo alipowika nalidhani ni wa mchezo.

Asubuhi nalikwenda darasani na madaftari 42, yote yakiwa vile vile nilivyoyapokea. Mwanafunzi mmoja, ambaye siku zote alikuwa akiandika mistari sita na kuacha, safari hii alikuwa ameandika kurasa nne. Akaja mezani kwangu kabla ya kengele, akaniuliza, "Mwalimu, umeisoma yangu?" Nalimjibu, "Bado." Hakunung'unika. Akarudi mahali pake, akaketi. Hakujua nalifanya nini usiku ule, kama yule kipofu asivyojua hesabu ya sarafu. Lakini mimi nalijua.

Sisemi haya ili niulaumu mchezo. Mchezo haukuvunja ahadi yake kwangu. Mimi ndiye niliyevunja ahadi ya nusu saa. Hadithi ya bibi ilikuwa na mwisho, na mwisho ukifika bibi hutupeleka kulala. Mpira una dakika 90, na mwamuzi hupiga filimbi. Lakini mchezo wa hekaya umetengenezwa usiishe. Katika Skyrim mambo ya kutenda hubuniwa mapya na kompyuta yenyewe bila kikomo, hata hadithi kubwa ikiisha kumalizika. Filimbi haimo. Mchezo wenye hiari yote humwachia mchezaji hiari ya mwisho, iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni hiari ya kuinuka kitini.

Wengi huiweza. Wachache hawaiwezi, na kwao jambo hili ni ugonjwa wa kweli. Mwezi Mei mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushindwa kujitawala katika michezo ya kompyuta. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kuuzuia mchezo, mchezo hutangulia mambo yake mengine yote, tena huendelea nao ijapokuwa anaona unamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa muda wa miezi 12 au zaidi kabla mganga hajauita ugonjwa. Shirika hilo husema ya kuwa ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wanaopatwa nao. Kwa hiyo anayecheza jioni ya Jumamosi si mgonjwa, wala asiitwe hivyo. Bali anayeona dalili hizo tatu ndani yake na atafute msaada bila kuona haya.

8. Njia ya Bondeni

Naliisoma ile insha ya kurasa nne jioni yake, kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa na makosa mengi, tena ilikuwa nzuri. Aliandika habari za mtu aliyepotea msituni, na mwishoni aliandika miisho miwili, kisha akauliza, "Mwalimu, upi unakupendeza?" Nalicheka peke yangu. Hakuna aliyemfundisha. Lilikuwa swali lile lile nililomwuliza bibi.

Basi msishangae mkiona watu wazima wenye kazi na watoto wakitembea usiku katika nchi isiyokuwako. Wanakwenda kuitafuta njia ya bondeni. Mtu amezaliwa na hamu ya kuamua, ya kuweza, ya kuvumbua, na ya kupata mwenzi, na mchezo huu umemjengea nchi ambayo hamu hizo zote hupata jibu upesi. Mtu akitaka kuicheza, na aicheze kwa furaha, kama asikilizavyo hadithi njema. Lakini asisahau madaftari yaliyo mezani, wala mtoto anayengoja jibu asubuhi. Katika mchezo, afungaye kompyuta jioni huikuta nchi yake kesho yake pale pale alipoiacha, na joka lingali likimngoja. Siku ya maisha haingoji.

Maswali

1. Kwa nini msimulizi wa Dungeons & Dragons hajui mwisho wa hadithi yake?
2. Kompyuta imefananishwa na karani wa ghala. Eleza mfano huo kwa maneno yako mwenyewe.
3. Nchi ya Daggerfall na nchi ya Morrowind zilitofautianaje, nasi twajifunza nini?
4. Taja haja tatu walizozionyesha wataalamu mwaka 2006, na ile ya nne aliyoiongeza mwandishi.
5. Yule kipofu muuza mitishamba hakumwona mchezaji. Mwanafunzi wa kurasa nne hakumwona mwalimu. Mambo haya mawili yanafananaje?
6. Andika hadithi fupi yenye njia panda, kisha uandike yaliyotokea katika kila njia.